Etana Juu ya Tai

Katika chama chetu kuna ubishi usioisha: je, hadithi isiyoandikwa ni fasihi kamili? Sisi watatu tunaokaa Macquarie Fields, ambao treni ya kwenda chuoni hutupa muda mwingi wa kubishana, tumepata shahidi kutoka mbali: Mesopotamia ya kale, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Iraki.

Shahidi huyo ni muhuri. Si huu wa mpira wa ofisini. Ni kijiwe cha mviringo, kirefu kama pingili ya kidole, kilichotobolewa ili kipitishwe uzi. Fundi alichonga picha kinyumenyume. Mwenye muhuri akauviringisha juu ya udongo mbichi, kama mtu anavyosukuma chapati, na picha ikajitokeza. Udongo huo uliziba mdomo wa mtungi au mlango wa ghala, na aliyeuvunja alijulikana.

Picha nyingi ni za miungu. Yuko Shamash, mungu jua, akichomoza kati ya milima na msumeno mkononi. Yuko Ea, na maji yenye samaki yakimtiririka mabegani. Lakini iliyotunasa ni ya mtu aliyepanda tai. Wataalamu humtambua kuwa Etana, mfalme wa Kish aliyekosa mtoto. Tai alikuwa amekula makinda ya nyoka, rafiki yake wa kiapo, na nyoka akamnyonyoa na kumtupa shimoni. Etana akamtoa, na tai akambeba kwenda mbinguni kutafuta mmea wa uzazi.

Sasa tusikilizeni, walimu wetu. Mihuri hiyo ni ya zama za Akkad, kama miaka 2300 hadi 2150 K.K. Mabamba ya udongo ya kale zaidi yanayojulikana yenye hadithi hiyo ni ya karne kadhaa baadaye. Sisi tunaamini fundi aliisikia kabla haijaandikwa.

Picha hiyo tulimwonyesha kwenye simu bibi wa mmoja wetu, aliyekulia Bukavu. Hakuuliza anayeruka ni nani. Aliikuza kwa vidole, akasema: "Na hizi mbuzi, ameachia nani?"

Kweli, wapo. Chini kuna wachungaji walioinua mikono, mbuzi na kondoo, na mbwa wanaotazama juu. Orodha ya wafalme wa Sumeri inamwita Etana mchungaji aliyepaa mbinguni. Bibi hakuhitaji orodha. Mwisho wa hadithi umepotea pamoja na vipande vya mabamba, ingawa orodha hiyo inamtaja mwanawe, Balih.

Hadithi za bibi hazikuchongwa popote. Ana miaka 82, na wajukuu wadogo humjibu kwa Kiingereza. Tumerekodi saba. Mchana hasimulii, ni mwiko, kwa hiyo tunangoja jua lizame, na Desemba hapa Sydney hilo ni saa mbili usiku.