Urembo ni kazi, muulize msusi wa Rutamba

Wiki hii tuache kidogo mambo ya Sinza na Kinondoni, twende zetu kusini, Rutamba, mkoani Lindi. Usiniulize kuna nini huko. Kuna lile swali ambalo sisi tuliomaliza fomu foo tunalijua vizuri: sasa nifanye kazi gani?

Zamani safari ya Lindi ilikuwa kasheshe. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikichachamaa abiria walilala njiani. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, unapanda basi Dar alfajiri na jioni unakula wali wa nazi Lindi mjini. Kutoka hapo unachukua gari dogo kuelekea magharibi. Minazi inabaki nyuma, mikorosho na mashamba ya ufuta yanaanza. Rutamba ina ziwa lenye jina hilohilo, na jirani upo msitu wa hifadhi wa Litipo. Wenyeji wengi ni Wamwera. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, wakimbizi wa nchi hiyo walipewa makazi hapa.

Na wale vijana wa Kariakoo tunaowaita machinga? Jina hilo limetoka mkoa huu huu. Wamachinga ni watu wa Lindi. Kwa hiyo suala la kijana kufunga virago na kwenda kutafuta mjini si geni huku.

Basi, binamu yangu naye alikuwa ameshafunga virago nusu. Kamaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka cha tano. Lakini mikono yake, wee acha tu! Anasuka tangu yuko shule ya msingi. Jumamosi foleni inaanza asubuhi chini ya mwembe: huyu twende kilioni, yule vitunguu, mwingine rasta ndogondogo. Hana saluni wala drea, ana kitana, uzi na kiti cha miguu mitatu.

Baba yake, ambaye kwangu ni mjomba, alikuwa ameuza ufuta na pesa imeingia. Ilikuwa ndiyo pesa ya mwaka. Alitaka kuongeza shamba. Binti alitaka akajifunze kazi ya urembo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa mjini hebu niambie. Hiyo kusuka ni kazi, au ni michezo ya watoto wa kike?"

Hapo ndipo safari yangu ya kupumzika ilipogeuka kesi.

Nilimwambia mjomba kwamba watu wa huku wanajua urembo kabla ya saluni haijazaliwa. Mjerumani Karl Weule alipopita bara la Lindi mwaka 1906 aliwakuta kina mama wenye ndonya mdomoni na chale za mapambo mwilini, akaandika habari zao. Chale zile zilikuwa na fundi wake, na si kila mtu alishika kisu. Upande wa pwani kulikuwa na liwa inayosagwa kwenye jiwe, hina, wanja na udi, na somo wa kumwandaa mwali. Ng'ambo ya Ruvuma, wanawake wa Kimakua hujipaka msiro usoni mpaka ngozi inakuwa laini. Hata Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, hakuwa wa taarabu tu. Alikuwa somo wa unyago, na hina alitengeneza mwenyewe.

Mjomba akacheka. "Sawa, lakini hao walikula nini?"

Swali la maana hilo, msomaji. Wengi tunaingia kwenye urembo kwa kuona picha za warembo, hatuulizi watu wanakula nini. Kwanza, urembo si kazi moja. Kuna msusi, kinyozi, mpamba maharusi, fundi wa kucha, mkandaji, muuza vipodozi na mtengeneza vipodozi. Flaviana Matata alikuwa Miss Universe Tanzania mwaka 2007, lakini hakuishia jukwaani. Baadaye alianzisha rangi zake za kucha ziitwazo Lavy.

Pili, angalia mteja wako anapata pesa lini. Rutamba si Sinza. Pesa hapa inakuja na ufuta katikati ya mwaka, halafu inarudi na korosho mwishoni. Katikati kuna harusi na ngoma. Miezi mingine ni mikavu. Msusi asiyejua kalenda hiyo atafunga saluni kabla rangi ya mlango haijakauka.

Tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Muuza duka mmoja alimwambia binamu: achana na uzi, nikupe mzigo wa mkorogo, tugawane faida. Kweli, mkorogo unatoka haraka kuliko sukari. Lakini krimu nyingi za aina hiyo zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuumiza figo, ndiyo maana imepigwa marufuku. Udhibiti wa vipodozi ulikuwa kwa TFDA, na mwaka 2019 ukahamia TBS. Nikamuuliza binamu alimjibu nini.

"Dada, mimi nitaishi na watu hawa. Nikimharibu mtu uso, nitapita njia gani kwenda kuchota maji?"

Nikasema moyoni, huyu kazi ameshaianza.

Usiku tukakaa watatu na kibatari cha simu, tukapiga hesabu. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Lindi mjini, ila vyuo havifundishi kozi zilezile, kwa hiyo unauliza kwanza kabla ya kulipa nauli. Njia ya pili ni kukaa kwa fundi. Aliyejifunza kazi mtaani anaweza kuomba VETA impime, akifaulu apewe cheti bila kuanza darasani upya. Mtaji nao una mlango: mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopa kwa kikundi, kwa hiyo marafiki wa foleni ya Jumamosi wana kazi nyingine ya kufanya.

Mjomba alinyamaza kitambo, halafu akatoa hukumu. Nusu ya pesa ya ufuta itampeleka binti kwa fundi Lindi mjini mwaka mmoja. Nusu nyingine inakwenda shambani. Drea itanunuliwa kwa pesa ya korosho, akishaonyesha cheti.

Binamu hakupiga vigelegele. Aliuliza tu, "Na nikirudi, nitafungua wapi?"

"Barabarani hapo," mjomba akasema. "Mwembe si wako tayari?"

Haya, wewe unayesoma hii ukiwa umeshika kitana na huna ajira: mikono yako inajua nini, na mteja wako anapata pesa lini? Ukiyajibu hayo mawili, kazi kwako.