Wakili wa Nafsi Yake

Kitenzi "kujiwakilisha" kina kejeli ndani yake. Kimechipuka kutokana na nomino "wakili", hata mtu anayefika kortini mikono mitupu husemwa amekuwa wakili wa nafsi yake, ilhali wakili ndiye hasa aliyemkosa. Ada ni sehemu tu ya tatizo lake. Aghalabu anachokikosa zaidi ni maneno.

Mchukulie fundi mwashi wa Nairobi aliyejenga ukuta, akalipwa nusu, kisha mwenye nyumba akaacha kupokea simu zake. Deni ni shilingi 84,000: kubwa kwake, dogo mno kwa wakili. Kwa ajili ya watu kama yeye ilitungwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ingawa mahakama yenyewe ilianza kazi Milimani mwezi wa Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inaitaka iamue shauri katika muda wa siku 60. Katika maandishi, mlango umeachwa wazi.

Ila mlangoni pana msamiati. Fundi huenda akaitwa "mlalamishi", neno ambalo mtaani ni la mtu asiyeridhika na lolote. Hivyo ameanza vibaya hata kabla ya kufungua kinywa. Anaambiwa kesi "itatajwa" Jumanne. Anaacha kazi, anapanda matatu pamoja na shahidi wake, kibarua aliyemchanganyia saruji. Kumbe kutajwa siko kusikilizwa! Jina la kesi linasomwa, tarehe nyingine inatolewa, na ujira wa watu wawili umekwenda na maji. Baadaye anaagizwa amfikishie mdaiwa nyaraka. Anamkabidhi mkononi, anarudi ametulia. Hajui kwamba tendo hilo sharti lithibitishwe kwa hati ya kiapo, na kwamba bila hati hiyo, hata mdaiwa asipotokea, mahakama haina msingi wa kuamini kwamba aliarifiwa. Deni ni lilelile, ukuta ungali umesimama, na dai linaweza kukwama papo hapo.

Nani atamwambia? Karani wa dawati la huduma anaweza kumweleza fomu ipi ijazwe, lakini si kazi yake kumshauri aseme nini. Akithubutu, ataonekana ameegemea upande mmoja. Mwamuzi naye yumo katika kifungo hichohicho. Hubaki kijana wa saiba, ambaye kwa kumsaidia kuwasilisha nyaraka kwa njia ya mtandao, utaratibu ulioenezwa nchini kote mwaka 2024, hujikuta amegeuka mshauri wa sheria.

Wapo wanaostahili kazi hiyo. Kituo cha Sheria, kilichoasisiwa mwaka 1973, kimewafunza watu kusimamia kesi zao wenyewe, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Hotuba juu ya haki za binadamu haimfai sana fundi wakati huo. Kinachomfaa ni mtu wa kuketi naye nusu saa na kumpangia kisa chake: mapatano yalifanyika lini, kiasi gani kililipwa, ujumbe upi wa simu unathibitisha. Fundi husimulia jinsi wanadamu wanavyosimulia, akianzia kwa yule binamu aliyemjulisha kwa mwenye nyumba, kisha mvua iliyochelewesha msingi. Mahakama hutaka tarehe. Mwanafunzi wa fasihi aliyefundishwa kutofautisha msuko na masimulizi hapaswi kuiona kazi hii kuwa ngeni.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo fundi huweza kuulizwa na kujibu kwa Kiswahili, kisha uamuzi ukaandikwa kwa Kiingereza, hata akishinda asiweze kusoma alichoshinda.

Idara za Kiswahili zimetunga istilahi za fonolojia kwa bidii ya kupigiwa mfano. Faharasa ya kurasa nne, yenye kutajwa, kusikilizwa, kiapo, pingamizi na rufaa, kila neno likifuatwa na sentensi moja inayomwambia msomaji afanye nini siku hiyo, ni kazi ya likizo moja, mradi makarani waikague kabla ya kuchapishwa. Kamusi za sheria zipo, lakini zinamfaa msomaji mwenye meza na wasaa. Fundi ana benchi, na dakika chache kabla ya jina lake kuitwa.