Usibadili Mawili kwa Siku Moja

Katika semina ya wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo watumishi wengi wa umma wangelikwepa: "Mwalimu, sera ikishindwa, tutajuaje ni kitu gani hasa kilichoshindwa?" Nilimjibu kwa lugha ya vitabu, naye akaandika. Nilipofika nyumbani nilitambua kuwa jibu nililopaswa kumpa nililipata zamani, Namasakata, mkoani Ruvuma, uani kwa mjomba wangu. Na nililipata kwa aibu. Naliandika hapa ili nilipe deni.

Mjomba alikuwa na gobore lenye kibali, alilolitumia kulinda shamba. Anayeishi mjini aweza kuliona gobore kuwa chombo cha ujangili tu, na ni kweli kwamba limetumika hivyo. Lakini mkulima wa Ruvuma anaishi karibu na ushoroba ambao tembo huupita kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na hata pasipo tembo kuna nguruwe pori na ngedere. Usiku mmoja wa nguruwe watosha kuimaliza mihogo ya mwaka mzima.

Gobore halina risasi ya dukani iliyokwisha kufungwa kiwandani. Kila mlio huandaliwa kwa mkono: baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu, kitambaa hushindiliwa juu yake, kisha goroli, kisha kitambaa tena, na mwisho fataki huwekwa nje, chini ya nyundo. Kwa hiyo mwenye gobore ndiye kiwanda, na makosa ya kiwanda ni yake. Mjomba alikuwa na kipande cha mwanzi alichokikata kwa urefu aliouchagua baada ya majaribio mengi. Alikijaza baruti, akapitisha kisu juu ili kilichozidi kianguke. Kitambaa nacho kilikuwa cha aina moja, kimekatwa kwa ukubwa mmoja, na kiliwekwa ndani ya kopo lenye kifuniko.

Nilikuwa likizo, kijana wa sekondari niliyejiona msomi. Jioni moja Mjomba aliniamini nimwandalie gobore. Nikafikiri kwamba nguruwe wa usiku ule walikuwa wakubwa, na kwamba baruti zaidi ni nguvu zaidi. Nikaujaza mwanzi hadi ukafanya kichuguu, nisipitishe kisu. Kisha, kwa kuwa kopo la vitambaa lilikuwa mbali, nikachana kipande cha shuka nene na kukishindilia kwa nguvu zangu zote. Usiku Mjomba alipofyatua, moto ulirudi nyuma kupitia tundu la fataki na kumbabua shavu na nyusi. Jicho lake la kulia halikurudi kuona sawasawa hadi alipofariki.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja: "Ulipima?" Nikakiri kwamba nilizidisha baruti. La kitambaa sikulisema.

Wasomaji wangu, hapo ndipo lilipo kosa kubwa, si pale penye kichuguu cha baruti. Mjomba alikaa akafikiri, na alifikiri vyema kwa taarifa alizokuwa nazo. Alijua watu waliowahi kuzidisha baruti kiasi kile na moto usirudi. Akahitimisha kwamba basi mtutu umechoka, huenda una ufa asiouona. Akalitundika gobore ukutani. Msimu ule nguruwe waliingia shambani bila wa kuwazuia, na shangazi akanunua unga kwa fedha iliyokusudiwa paa la nyumba. Mtutu ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni ripoti yangu.

Nilirejea likizo iliyofuata nikakuta shamba limekuwa pori. Nikashindwa kulala. Alfajiri nilimwamkia, "Shikamoo Mjomba," akaitikia marahaba, nami nikamweleza habari ya shuka. Kwetu Wayao mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake, na nilikuwa tayari kwa adhabu yoyote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Usibadili mawili kwa siku moja, mwanangu. Ukipata, hutajua umepata kwa nini. Ukikosa, hutajua umekosa kwa nini. Na ukibadili mawili ukasema moja, umewafunga macho wenzako."

Tukalishusha gobore. Akabandika karatasi kwenye kisiki, akafyatua mara tano kwa kipimo kile kile cha zamani, kitambaa kile kile, akisafisha mtutu kwa namna ile ile kila mara. Alilenga kwa jicho la kushoto, kwa taabu. Sikuelewa kwa nini hakutosheka na mlio mmoja, maana wa kwanza ulipiga karibu na kati. Akaniambia mmoja ni bahati. Anataka kuona matundu yote yamekaaje.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni Marekani, baba wa rafiki yangu alinichukua kwenye uwanja wa mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani. Mlengaji huketi, bunduki ikalala juu ya mifuko ya mchanga, shabaha ikiwa yadi 100, yaani mita zipatazo 91. Hapati alama kwa kupiga katikati. Hupiga risasi tano, kisha hupimwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, toka kitovu hadi kitovu. Mshindi ni yule ambaye matundu yake yamebanana, na huamuliwa kwa wastani wa karatasi kadhaa, si kwa karatasi moja iliyopendeza.

Wazee wale walikuwa wakijifungia risasi zao wenyewe papo hapo uwanjani, wakitumia maganda yale yale tena na tena. Wengi walitumia risasi iitwayo 6mm PPC, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na daktari Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell. Nilidhani ningeona mizani ya maabara. Badala yake niliona kifaa chenye mpini: mzee alizungusha, baruti ikajaa tundu la ujazo maalumu, ikamwagika ndani ya ganda. Alipima kwa ujazo, kama Mjomba na mwanzi wake. Joto la mchana lilipopanda na matundu yakaanza kuachana, alibadili baruti kidogo tu, akaacha mengine yote yalivyo, akapiga tena, akaandika daftarini. Karatasi mbaya aliihifadhi pamoja na nzuri. Nilimkumbuka Mjomba hadi nikaomba udhuru nikasimama pembeni.

Sasa turudi kwetu, na kwenye swali la mwanafunzi. Mwaka 2017 serikali iligawa salfa ya mikorosho bure. Mavuno ya msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Katikati ya mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho yenyewe, kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Mavuno ya msimu huo yakawa takriban tani 225,000. Kwa nini yalishuka? Yuko anayesema pembejeo, yuko anayesema ushuru, yuko anayesema hali ya hewa, na yuko anayesema mikorosho imezeeka. Huyu wa mwisho hunikumbusha gobore lililotundikwa ukutani. Kila mmoja ana hoja, na hakuna awezaye kumshinda mwenzake, kwa sababu tulibadili mengi ndani ya muda mfupi.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mkulima mwenye njaa hawezi kungoja tujaribu jambo moja kila msimu, na kiongozi aliyeona wakulima wakipunjwa hakosei kutaka kutenda upesi. Hata hivyo, haraka haimzuii mtu kuandika. Waraka mpya waweza kutaja waziwazi nini kimebadilika na nini hakikuguswa. Badiliko laweza kuanzia wilaya moja huku jirani yake ikibaki kama ilivyokuwa, tukalinganisha. Na afisa wa kata aliyechelewesha salfa aweza kuliandika hilo katika taarifa yake, iwapo tu wakubwa wake wamemjengea mazingira ya kukiri bila kuangamizwa. Mimi nilificha habari ya kitambaa kwa hofu, na Mjomba hakuwa mkali. Fikiria afisa ambaye mkubwa wake ni mkali.

Gobore lenyewe halipo tena. Macho yalipomwishia, Mjomba alilipeleka polisi akalisalimisha kwa hiari. Na ni vyema, kwani sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezewa, wala simshauri msomaji yeyote kuanza kupima baruti. Mwanzi alinipa mimi. Uko juu ya meza yangu ofisini, na wanafunzi hudhani ni wa kuwekea kalamu. Aliyeniuliza swali lile nitamwonyesha Jumatatu, kisha nitamsimulia habari ya shuka, ambayo hadi leo nilikuwa nimemweleza mtu mmoja tu.