Ukifika Nyeri, jifunze kwanza kupiga fundo

Mpenzi msomaji, wiki hii tunapanda mlima. Najua wengi wenu mkisikia habari za kuvua samaki, mawazo yanakimbilia Feri, Bagamoyo au Mwanza, kwenye ngalawa na nyavu. Hayo yaweke kando kwanza. Leo nakupeleka mahali ambapo mtu mzima na akili zake anasimama katikati ya mto wenye maji ya baridi kama barafu, mkononi ana ufito, na mwisho wa uzi kafunga inzi. Tena si inzi wa kweli, wa bandia!

Mahali penyewe ni Nyeri, Kenya. Kutoka Nairobi ni kilomita kama 150 hivi. Unadandia matatu, ndivyo wanavyoziita daladala zao, mnapita Thika, Sagana na Karatina penye lile soko maarufu la mazao. Ukifika unakuta mji umekaa katikati ya wakubwa wawili: upande mmoja Mlima Kenya wenye mita 5,199, upande wa pili milima ya Aberdare ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Asubuhi usipovaa sweta, shauri yako. Hapo Nyeri ndipo alipozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941. Lakini habari yetu si ya skauti, ingawa na wao kwa mafundo hawajambo.

Habari yetu ni trauti. Huyu samaki si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Aliletwa. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyevuma kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskochi, wakapandikizwa katika mto Gura unaoteremka kwa kasi kutoka Aberdare. Baridi ya maji iliwapendeza, wakazaana. Baadaye mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalishia trauti pale Kiganjo, jirani na Nyeri. Ndiyo maana mpaka leo wageni wanakwenda kwenye mito kama Thego na Gura wakiwa na fito zao na makofia yao.

Sasa hebu nikueleze mchezo wenyewe, maana ukiutazama kwa mbali utadhani watu wanachapa maji kwa hasira. Inzi wa bandia ni ndoano ndogo iliyoviringishwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Hana uzito wowote. Huwezi kumrusha kama unavyorusha chambo chenye risasi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Mwishoni mwa mshipi unafuata uzi wa nailoni unaozidi kuwa mwembamba, na pale ncha inapofika unene ni kama milimita 0.15 tu. Trauti ana macho makali. Akiuona uzi, hali.

Basi bwana, fikiria. Una ufito wa bei mbaya, umelipa leseni, umelipa hoteli, umesafiri kwa ndege kutoka Ulaya. Vyote hivyo vinaning'inia kwenye fundo dogo kuliko punje ya mtama. Wahenga walishasema, kamba hukatika pabovu. Na kwenye mchezo huu, mara nyingi pabovu ni pale penye fundo.

Kijana mmoja anayeongoza wageni kandokando ya mto Thego ndiye aliyenifungua macho. Kazi yake ni kujua samaki wamelala wapi, kubeba mizigo, kuwaondoa wageni kwenye njia ya nyati, na kufunga inzi. Siku hiyo alikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kizungu, mpole tu. Trauti walikuwa wanaruka juu ya maji, mzee akapata kiherehere, akasema inzi huyu nitamfunga mwenyewe. Akafunga harakaharaka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Akarusha. Samaki akala papo hapo! Ufito ukapinda, mzee akapiga kelele ya furaha, halafu ghafla ufito ukanyooka. Kimya.

Yule kijana hakusema neno. Akauvuta uzi, akaishika ncha yake, akaitazama kama daktari. Baadaye mzee alipokwenda kukaa ndipo akanionyesha.

"Ukiona uzi umekatika wima, hapo samaki amekushinda nguvu, ama uzi ulikwaruzwa na jiwe," alisema. "Lakini ukiona umejikunja hivi kama mkia wa nguruwe, ujue hakuna kitu kimekatika. Ni fundo imeteleza."

Uzi ulikuwa umejikunja.

Nikamuuliza, sasa kosa ni la nani? Akacheka. "Mgeni akikosa samaki, siku imeharibika. Na siku ikiharibika, hata kile kitu kidogo cha asante kinaharibika. Hakuna mtu huuliza fundo ilifungwa na nani." Msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mzee yule fundo ni mchezo. Kwa kijana ni unga wa jioni. Na yule trauti naye kaondoka na ndoano mdomoni, hakumwomba mtu.

Haya, tuje kwenye mafundo yenyewe, maana kila moja lina kazi yake. La kwanza na maarufu kuliko yote linaitwa klinchi. Unapitisha uzi kwenye tundu la ndoano, unauzungusha mara tano kwenye uzi ule mrefu, unarudisha ncha kwenye kile kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, halafu unaipitisha tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Unavuta taratibu mpaka mizunguko ipangane kama waya wa chemchemi. Kwa uzi mwembamba mizunguko mitano ni sawa. Uzi ukiwa mnene punguza, la sivyo fundo litagoma kukaza.

La pili ni Palomar. Hili unakunja uzi mara mbili, unaupitisha hivyohivyo kwenye tundu, unapiga fundo la kawaida, kisha unamvusha inzi mzima ndani ya kitanzi na kukaza. Lina nguvu sana na ni rahisi kukumbuka. Tatizo lake ni kwamba inzi wengi wa trauti ni wadogo, na tundu la ndoano halikubali uzi uliokunjwa. Utahangaika mpaka jua lizame.

La tatu ni fundo la kitanzi. Hapa uzi hauibani ndoano, unaacha nafasi ndogo ili inzi acheze. Hili linawafaa wale inzi wakubwa wanaozamishwa na kuvutwa wafanane na samaki mdogo. Ukimkaza mdudu wa namna hiyo kwa klinchi, anakwenda majini mkakamavu kama askari wa gwaride, na trauti si mjinga.

Kisha kuna Turle, lililopewa jina la Meja mmoja Mwingereza wa karne ya 19. Hili halikai kwenye tundu, linakamata shingo ya ndoano nyuma ya tundu, ili inzi alale mstari mmoja na uzi. Lilitengenezewa ndoano ambazo tundu lake limeinamishwa juu au chini. Na wale wenye haraka wanalipenda fundo la Davy, la Davy Wotton kutoka Wales, ambalo ni dogo na linafungwa kufumba na kufumbua.

Enzi za huyo Meja mambo yalikuwa mengine. Nailoni ilikuwa haijazaliwa, hiyo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930. Wavuvi walitumia uzi uliovutwa kutoka tumboni mwa kiwavi wa hariri! Uzi huo ulilowekwa kwanza ndipo ukafungika, ukifunga mkavu unavunjika. Nailoni ilipoingia ikaleta ugonjwa wake: utelezi. Ndiyo sababu mizunguko ya fundo inahesabiwa.

Utaniuliza, sasa lipi bora? Yule kijana wa Thego anayajua yote, lakini siku nzima nilimwona akitumia mawili tu: klinchi kwa inzi wadogo na kitanzi kwa wakubwa. Ukweli ni kwamba fundo moja unaloweza kulipiga gizani linazidi mafundo kumi unayoyakumbuka nusunusu. Na kabla hajakaza, kila mara alifanya jambo moja: alilitia fundo mdomoni. Usicheke. Uzi mkavu ukisuguana unapata joto, na joto linaidhoofisha nailoni. Mate yanapoza na kulainisha. Akishakaza anakata ncha iliyozidi, anaishika ndoano kwa uangalifu, anavuta kwa nguvu. Likishindwa, lishindwe hapohapo mkononi mwake, si mdomoni mwa samaki. Kazi yote hiyo haizidi dakika moja.

Na hao inzi msidhani wote wanatoka Ulaya. Kenya ni moja ya nchi zinazotengeneza inzi wa bandia kwa wingi na kuwauza nje. Wapo watu Nairobi ambao kazi yao ni kukaa mezani na kuviringisha manyoya kwenye ndoano, na mali yao inauzwa madukani Uingereza na Marekani. Inawezekana kabisa mgeni akamnunua inzi kwao Ulaya, akampandisha ndege, akamrudisha Nyeri alikokaribia kuzaliwa, halafu akampoteza mtoni kwa sababu ya haraka ya nusu dakika.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya Nyeri, uliza habari za leseni kabla hujagusa maji, beba sweta, na nunua mita chache za nailoni. Wiki nzima kabla ya safari, kaa kibarazani, funga, fungua, funga tena mpaka majirani waulize una nini. Ukifika mtoni ukaona samaki wanaruka na moyo unadunda, hapo ndipo uende polepole zaidi. Na ikitokea samaki akaponyoka, tazama kwanza ncha ya uzi. Ikiwa imejikunja, na fundo ulifunga mwenyewe, kijana wa watu mpe chake kamili.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.