Mitaa Yenye Majina ya Miti



Naandika kutoka Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi hawafiki 40,000. Maji ya mto Androscoggin ndiyo yaliyoendesha viwanda vya nguo hapa, na viwanda hivyo ndivyo vilivyowavuta Wakanada wasemao Kifaransa kwa maelfu. Kile mashuhuri, Bates, kilifungwa 2001. Mwaka huohuo Wasomali wakaanza kuhamia. Baadaye wakaja Waangola na Wakongo, na kwa ajili ya Wakongo hao Kiswahili utakisikia madukani.

Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Mwaka 2018 serikali kuu iliupa mji dola milioni 1.3 za kukaa na wakazi, wahamiaji hao wakiwemo, na kupanga nao upya mitaa ya katikati inayoitwa Tree Streets: Pine, Birch, Walnut, Spruce.

Lililowauma wakazi lilikuwa madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi ya nyumba. Rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini nyumba nyingi hapa zilijengwa zamani sana, enzi za viwanda. Madirisha yake ni ya kupandisha na kushusha. Kila ukifungua, mbao zinasuguana, rangi inachubuka na kuwa vumbi kizingitini. Mtoto anayejifunza kusimama hushika palepale, kisha mkono unakwenda mdomoni. Majibu ya damu yakirudi mabaya, huenda ubongo umeshadhurika. Mzazi aliyepitia hayo anaijua nyumba yake kuliko mhandisi yeyote.

Ndiyo maana mpango uliotoka 2019 uliyapa makazi salama uzito mkubwa, na mwaka 2021 zikaja dola milioni 30 za utekelezaji.

Mpango huo ulianza kwa kukaa na wakazi. Huko kwetu nyumbani, mara nyingi tunaitwa kwenye mkutano wa mtaa ramani ikiwa imeshabandikwa ukutani. Tunasomewa, tunapiga makofi, tunasaini karatasi ya mahudhurio, basi, tumeshirikishwa. Mimi siuiti huo ushirikishwaji. Ukitaka kumsikia mama wa Kikongo anayetoka kazini jioni, mtafutie mkalimani, andaa chakula, weka mtu wa kuwaangalia watoto, halafu muulize kabla mchoraji hajashika kalamu. Gharama hiyo si anasa. Bila hiyo watakaosema ni walewale wenye magari na nafasi.

Lakini hapa Lewiston wapangaji wengi wako kwenye nyumba za watu binafsi, na nyumba ikishakarabatiwa, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi. Waliohangaika mikutanoni ili risasi iondolewe wana haki ya kubaki kuishi humo. Nataka halmashauri ya mji iwaite tena, wakalimani wakiwepo, na safari hii ajenda iwe moja tu: kodi.