Tarehe Mbili za Safari Moja

Safari ya usiku ina tarehe mbili, na asiyelikumbuka jambo hili aweza kufika arusini sahani zimekwisha oshwa. Bibi mmoja mjane wa mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, ambaye kazi yake ni ukarani wa hesabu, nusura apatwe na msiba huo.

Binti yake alikuwa akiishi Roma, na arusi yake iliwekwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tano asubuhi. Baba yake alikwisha fariki, na binti alitaka mama ndiye amshike mkono na kumpeleka mbele ya watu. Zaidi ya hayo, alitaka kuvaa gauni lile lile ambalo mama yake aliolewa nalo. Mama alikuwa amepasuliwa sikio, na daktari alimkataza kupanda ndege. Kusafiri mchana kungemlazimu kubadili treni njiani, na gauni mkononi. Basi akakata shauri kusafiri kwa treni ya usiku.

Treni za kulala zilipungua sana katika Ulaya baada ya ndege za nauli ndogo kuenea. Desemba 2016 shirika la reli la Ujerumani liliacha kuendesha treni zake za namna hiyo, lakini shirika la Austria lilichukua sehemu ya njia zile na kuziita Nightjet. Kati ya Vienna na Roma ni zaidi ya kilomita 1,000 za reli. Abiria huondoka jioni, huvuka milima ya Alps gizani, akaamka katika Italia.

Mahali pa kukaa ni pa namna tatu. Kwanza ni kiti, ambacho nauli yake ni ndogo, lakini shingo ndiyo hulipa baki. Pili ni kitanda katika chumba cha watu wanne au sita, vitanda vikiwa kimoja juu ya kingine. Abiria hupewa shuka, na asubuhi hupewa chai na mkate. Tatu ni chumba cha mtu mmoja, wawili au watatu, chenye beseni la kunawia, na hicho ni cha nauli kubwa. Mwanamke anayesafiri peke yake aweza kuomba chumba cha wanawake watupu.

Bibi huyo alitazama nauli katika kompyuta mwezi wa Julai, akasema, “Ngoja nifikiri.” Akafikiri kwa majuma matatu. Lakini tikiti za bei nafuu zina hesabu yake; kila zinunuliwapo, zilizobaki hupanda. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimepanda bei, naye akaona haya, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuwakaripia wenziwe kazini kwa kuchelewesha hesabu.

Kabla ya kulipa, alikwenda stesheni kuuliza, maana tikiti za bei ya chini kabisa mara nyingi hazirudishiwi fedha. Kijana wa dirishani akaitazama karatasi yake.

“Bibi, arusi ni lini?”

“Jumamosi.”

“Na hapa umeandika Jumamosi. Treni itaondoka Jumamosi jioni, nawe utafika Jumapili. Tarehe ya tikiti ni ya kuondoka, si ya kufika.”

Bibi akanyamaza kidogo. “Basi nipe ya Ijumaa.”

“Hiyo hufika Roma asubuhi, yapata saa tatu,” kijana akasema.

Hapo ukarani ukamsaidia. Saa tatu, ukiongeza saa mbili za kuchelewa, ni saa tano. Na gauni lingepimwa saa ngapi?

“Nipe ya Alhamisi,” akasema, “kitanda cha chini, chumba cha wanawake.”

Ilimpasa kuomba ruhusa ya siku moja kazini wakati wa kufunga hesabu za miezi mitatu, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu aajiriwe. Aliomba, akapewa.

Alhamisi jioni aliitafuta namba ya behewa lake kwanza, wala hakuingia popote tu, maana baadhi ya treni hizi hukatwa usiku na mabehewa mengine huenda mji mwingine. Akalitundika gauni karibu na kitanda, akalala.

Ijumaa mchana binti alilivaa gauni mbele ya kioo, nalo lilimpwaya kiunoni kama gunia. Mama na mwana wakatazamana, kisha wakacheka. Wakaketi na sindano mpaka usiku, wakimzungumza marehemu, na hakuna aliyetazama saa.

Siku ile moja ya akiba haikuandikwa katika bei ya tikiti. Lakini bila hiyo, gauni lingefika Roma na arusi ingefungwa kwa pini.