Mita Moja Kabla ya Kitanda

Keja yangu ya Pipeline haina korido. Kati ya mlango na kitanda kuna kama mita moja, basi. Lakini tangu mamangu aseme atakuja kuona ninapoishi, mara ya kwanza tangu niache chuo, hiyo mita ndiyo ninaipanga kila jioni.

Watu wa Lamu walilifikiria hili zamani. Kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale, mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili. Akipita mlango anaingia tekani, na hapo njia hukata kona kabla ya kufika kiwanda, ule ua wa ndani. Mpita njia akichungulia haoni kitu. Na mgeni ameshakaa kivulini, ameshaheshimiwa, hata kabla ya kujua una nini ndani.

Mimi kona sina, kwa hivyo nimetundika leso mbele ya kitanda. Misumari mitatu ya funguo na mwavuli. Kioo cha Gikomba nimekielekeza dirishani, maana mwanga huku tunang'ang'ania na ghorofa ya jirani. Rafu ya viatu nimeikataa: inameza nafasi yote, halafu watu huvua viatu kando yake tu! Fundi amenitengenezea benchi nyembamba. Viatu vinaingia chini, na mama, akishapanda ngazi hadi orofa ya sita na lile goti lake, atapata pa kukaa kabla hajaanza maswali.